Kipimo cha Nne

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Ukungu umeshuka mapema, na paa la ghala lililo hatua thelathini tu kutoka dirishani silioni. Ni baridi ya kuvaa sweta mbili. Nimevaa mbili.

Sijaandika hapa kwa wiki tatu. Wanaosoma blogu hii ni wachache, wengi ni wale tuliosoma nao hisabati chuoni, na wamezoea nikiandika mambo madogo: chumba nilichopanga, mbwa wa mwenye nyumba, vitunguu swaumu vinavyoanikwa mpaka kwenye ngazi za kanisa. Leo nina jambo moja tu. Nimemfundisha mtu mkweli kudanganya, na nimemfundisha kwa hesabu isiyo na kosa.

Nitaeleza taratibu, ili nisipate nafasi ya kujitetea.

Mimi ni karani wa chama cha wakulima katika kata moja ya milima ya Mbulu. Mkataba wangu ni wa miezi sita. Unaisha mwisho wa mwezi huu, na anayeamua kama utaendelea ni Meneja. Kabla ya hapa nilikaa nyumbani Gehandu miaka miwili na shahada yangu, nikipeleka ndama malishoni na kumsikia baba akiwaambia wageni kwamba binti yake anajua hesabu ambazo bado hajazaliwa mtu wa kuzihitaji. Hakusema kwa ubaya. Wageni walicheka, naye akacheka, mimi nikawaongezea chai. Naogopa kurudi kwenye ile chai kuliko ninavyoogopa kuumwa.

Kazi yangu ya mwaka wa mwisho ilihusu jiometria ya aljebra. Swali lake linaelezeka hata kwa mtu ambaye hakusoma. Una nukta kwenye karatasi. Unataka kanuni ya kuigeuza kila nukta kuwa vekta, yaani mshale, katika nafasi yenye pande nyingi zaidi, kwa namna ambayo ukichukua nukta zozote tatu, au zozote nne, mishale yake haitegemeani. Hakuna hata mmoja unaoweza kuundwa kwa kujumlisha na kutoa wenzake. Kila mmoja ana lake la kusema.

Karatasi ikibaki bapa, jambo hilo linashindikana mara moja. Nyumba tatu zikiwa kwenye barabara moja iliyonyooka, ile ya katikati inaundwa na zile za pembeni. Dawa ni kuikunja karatasi iwe bakuli: kila nukta inapanda juu kwa kiasi cha mraba wa umbali wake kutoka katikati. Mstari ulionyooka hukutana na bakuli mara mbili tu, hauwezi kupita kwenye nukta tatu. Kwa hiyo nukta zozote tatu, popote utakapoziweka, zinakuwa huru. Zozote. Neno hilo ndilo lililonifanya nilipende somo.

Kwa nukta zaidi ya tatu bakuli halitoshi. Hapo unaanza na nafasi kubwa mno, ambamo hakuna nukta inayobanwa na wenzake, halafu unaipunguza kwa kuangusha kivuli chake kwenye nafasi ndogo. Hatari ni kusimamisha taa mahali ambapo vitu vilivyokuwa huru, vivuli vyake vitategemeana. Mwalimu wangu alituambia tusihangaike kutafuta mahali pazuri pa kusimamisha taa. Pimeni ukubwa wa mahali pabaya, alisema, na kama ni padogo kuliko chumba, basi pazuri papo. Wazo hilo lilinifaa kwa sababu mimi ni mwoga. Lilinipa matumaini kwamba woga ukihesabiwa vizuri unaweza kuwa usalama.

Sasa mvua.

Nilipofika hapa, wafadhili wa mbegu walikuwa wanataka ramani ya mvua ya kata nzima. Sharti lao ni fupi: kitongoji kilichopata chini ya milimita ishirini katika siku kumi za baada ya kupanda, kitapewa mbegu za kupandia upya. Chama kilikuwa na vipimo vitatu vya mvua, vile vya plastiki vyenye mistari, kimoja kaskazini, kimoja kusini, kimoja magharibi. Kila asubuhi saa tatu msomaji wa kila kipimo hutuma namba kwenye kundi la simu. Nikachukua bakuli langu la chuoni na kulifanya kanuni ya ramani: ukiipa namba tatu, inakupa makisio ya kila shamba lililo katikati. Nikaongeza safu moja pembeni nikaiita pengo. Ilionyesha tofauti kati ya namba aliyotuma msomaji na namba ambayo ramani inasema ilipaswa kuwa pale pale penye kipimo. Ramani ikiwa nzima, pengo ni sifuri siku zote, msomaji atume namba gani.

Lilikuwa sifuri. Meneja akaanza kuniita Profesa. Nilidhani ananisifu.

Wiki ya nne, watu wa mashariki walilalamika mkutanoni kwamba wao hawana kipimo. Huku kwetu kitu cha wote huwekwa kwa umbali sawa, liwe bomba la maji au josho la ng'ombe, la sivyo mkutano hauishi. Vipimo vitatu vya kwanza vilikuwa vimewekwa hivyo hivyo, kila kimoja mwendo sawa kutoka ofisini. Meneja akaenda kwenye ramani ya ukutani, akabana uzi kwa kidole pale penye ofisi, akafunga penseli upande wa pili, akazungusha. Duara likapita kwenye vipimo vyote vitatu, na lilipokata kitongoji cha mashariki akatia nukta. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa haki inayoonekana kwa macho. Nukta iliangukia kwenye uwanja wa Mama Yasinta, mjane anayelima ekari mbili nyuma ya kilima, na palepale akateuliwa kuwa msomaji.

Meneja akanigeukia akaniuliza kama kuongeza kipimo cha nne kunabadilisha chochote kwenye hesabu yangu.

Watu kama kumi na wawili walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema nipeni siku moja nikaangalie.

Nilisema hapana, mkuu.

Bakuli langu lilikuwa halali kwa nukta tatu. Nilijua. Niliandika kurasa arobaini kuhusu jambo hilo hilo.

Majuma ya kwanza mvua ilinyesha sawasawa pande zote, na safu ya pengo ikaonyesha mbili, moja, tatu. Nikajiambia ni makosa ya kusoma mistari. Kisha zikaja zile siku kumi. Kwa jumla, kaskazini milimita thelathini. Kusini thelathini na nne. Magharibi thelathini na sita. Mashariki nane.

Pengo: ishirini.

Jumatatu nilikaa mbele ya ramani ya ukutani nikiwa na kikombe cha uji mkononi, nikaliangalia lile duara la penseli. Nukta zote nne ziko umbali sawa kutoka katikati. Kwa hiyo kwenye bakuli zote nne zimepanda kimo kimoja, zimekaa ukingoni. Na ukingo wa bakuli ni bapa. Unaweza kuufunika kwa sinia. Niliinua karatasi nzima ili nukta ziwe huru, halafu nikakubali ziwekwe mahali pekee ambapo kuinua hakusaidii kitu. Mshale wa nne uliundwa na ile mitatu: kaskazini ujumlishe na kusini, utoe magharibi, unapata mashariki. Ishirini na nane. Ramani yangu haikuwa na nafasi ya kumsikia Mama Yasinta. Angetuma namba yoyote isiyokuwa ile, ingeonekana kosa.

Tena ingeonekana kosa lake. Mashariki huingizwa mwisho kwenye karatasi, kwa hiyo pengo lote huandikwa kwenye mstari wake. Ningeingiza kaskazini mwisho, karatasi ingesema kaskazini ilitakiwa kuwa kumi. Ningeingiza magharibi mwisho, ingesema hamsini na sita. Pengo halikumshitaki mtu yeyote. Lilikuwa linaishitaki ramani.

Nilielewa hayo yote Jumatatu kabla uji haujapoa. Naandika siku ili isije ikasemwa kwamba sikujua.

Jumanne ulifanyika mkutano uwanjani mbele ya ghala. Meneja alikuwa amechapisha karatasi yangu, safu ya pengo imepakwa rangi nyekundu. Alimwita Mama Yasinta asimame mbele. Mama ni mtu mfupi, alikuwa amejifunga blanketi lake la mistari na ameshika daftari la usomaji kama watu wanavyoshika kadi ya kliniki. Akasalimia. Meneja hakuitikia salamu. Aliwaambia watu kwamba karani wa chama ana shahada, akamuuliza mama yeye ana nini.

"Nina macho," alisema.

Watu walicheka, na kwa kitambo kidogo kicheko kilikuwa upande wake. Meneja alikisubiri kiishe. Kisha akaagiza kipimo kiletwe, akamimina maji ya chupa ndani yake na kumwambia asome mbele ya wote, kama mtoto wa darasa la pili. Akasoma. Akamimina tena. Akasoma. Mara tatu, na mara zote tatu alikuwa sahihi.

"Kumbe anajua kusoma," Meneja aliwaambia watu, kwa upole kabisa. "Basi si ujinga. Ni uongo."

Nimeshawahi kuona watu wakitukanwa. Sijawahi kuona mtu akifaulu mtihani na kufaulu kwake kukageuzwa kuwa kamba ya kumfungia. Mzee mmoja wa magharibi akauliza kama maji aliyamwaga au aliyanywa, na kicheko cha safari hii kilikuwa kirefu. Hata watu wa mashariki wengine walicheka, nadhani ili wasionekane wako naye.

Ndipo Meneja akaniita. Alitaka niwaambie watu karatasi inasema nini.

Nikasema inasema kuna pengo la ishirini, mkuu.

"La nani, Profesa?"

Hapa ndipo palikuwa na nafasi yangu. Nimeipima tangu Jumanne na najua ukubwa wake: kama pumzi mbili. Ilitosha kabisa kusema si la mtu. Niliangalia karatasi kana kwamba jibu liko pale, nikasema mashariki ilitakiwa kuwa ishirini na nane. Kila neno katika sentensi hiyo lilitoka kwenye hesabu. Mama Yasinta alinitazama, hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri sentensi imalizike.

Sikuimalizia.

Mkutano ulipotawanyika nilimfuata Meneja ofisini. Nilikuwa nimejikaza mpaka meno yanauma. Nikamwambia kosa ni langu, si la mama. Nikamweleza duara, bakuli, ukingo. Nilimchorea. Alikunywa chai yake akinisikiliza vizuri kuliko watahini wangu wa chuoni walivyowahi kunisikiliza, na nikaanza kupata matumaini.

"Binti yangu," alisema, "unadhani sijui kwamba mashariki hakunyeshi? Nimezaliwa hapa. Kile kilima kinawakatia mvua tangu enzi za babu yangu."

Nikaiweka kalamu juu ya mchoro.

Akaendelea bila kupandisha sauti. Kwa sharti la wafadhili, mashariki peke yake ndiyo iliyo chini ya ishirini. Mbegu zote zingekwenda kwao. Vitongoji vitatu vingebaki vinamtazama yeye, na uchaguzi wa chama ni mwezi ujao. Lakini mashariki ikiondolewa kwa kosa la udanganyifu, mbegu zilizokwisha kufika haziwezi kurudishwa, zitagawiwa kwa waliosema kweli.

"Nikiwanyima mimi, ni chuki. Ikiwanyima hesabu, ni hesabu. Umenisaidia sana." Kisha akanikumbusha kwamba bodi inakuja Ijumaa kupitisha orodha, na kwamba wajumbe wa bodi hupenda kuuliza maswali, hasa wakiona rangi nyekundu. Angefurahi kama kufikia Ijumaa safu ile ingekuwa imetulia. Na kuhusu mkataba wangu, tutazungumza baada ya bodi.

Nikasema sawa, mkuu. Nilitoka bila hata kuchukua mchoro wangu mezani.

Jana, Jumatano, nilikwenda mashariki kwa miguu. Nataka niandike kwamba nilikwenda kukiri, kwa sababu wakati natoka nyumbani ndivyo ilivyokuwa. Njia inazunguka kilima, na ukishapita bega lake udongo unabadilika rangi. Upande wa ofisi kulikuwa na matope. Upande ule vumbi lilipanda mpaka kwenye pindo la sketi. Mahindi yalikuwa hayajapita vifundo vya miguu na majani yamejikunja kama sigara. Mashamba mengine mbegu hazikuota kabisa, mistari mitupu. Mtu yeyote mwenye miguu angeweza kuja kuona. Hakuna aliyekuja, kwa sababu kulikuwa na karatasi.

Mama Yasinta alikuwa anapukuchua maharage mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kigoda na bakuli la makande kabla hajaniuliza nimekuja kwa nini. Nilikula. Hilo nalo naliandika. Nilikula makande ya mtu niliyemvunja, na yalikuwa matamu, na nilikuwa na njaa.

Alinionyesha daftari. Kila siku ina mstari wake kwa kalamu ya bluu, hata siku za sifuri, hata Jumapili, hata siku aliyokwenda Haydom kumwona dada yake hospitali. Siku hiyo aliandika kwamba msomaji ni jirani, akataja na jina lake. Ni daftari safi kuliko lolote nililowahi kuandika mimi. Akaniambia tangu Jumanne wanawake wenzake hawamsubiri kwenda kuteka maji. Akipiga hodi mahali, mazungumzo yanakatika. Wanamwambia amewakosesha mbegu, na wiki mbili zikipita hata ukipewa mbegu hazina mvua ya kuzioteshea. Kaya arobaini hivi. Hakulia. Alikuwa anataka kuelewa.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Nilikosea wapi?"

Sentensi ilikuwa tayari kinywani: hukukosea, mama, ni ramani yangu. Nilikwisha kuiona ilivyo fupi. Na nyuma yake nikaona vitu vinavyofuata: mama akisimama mbele ya bodi na kusema karani mwenyewe kaniambia, Meneja akigeuza kichwa polepole kunitafuta, basi la kurudi Gehandu, wageni wa baba, chai.

Nikamwambia kwamba namba zake hazilingani na za wenzake, na kwamba bodi inakuja Ijumaa. Nikamwambia ni vizuri zilingane. Akauliza zitalinganaje, na mvua hainyeshi. Sauti yangu ilikuwa tulivu, ile sauti ya kumwelekeza mtu jinsi ya kujaza fomu. Nikamwambia asubuhi asitume kwanza. Asubiri wenzake watatu watume. Achukue namba ya kaskazini, ajumlishe na ya kusini, atoe ya magharibi. Itakayobaki ndiyo aandike.

Alirudia kwa vidole, kaskazini na kusini, toa magharibi. Alishika mara moja. Kisha akaacha kupukuchua, maharage yakiwa yametulia mapajani.

"Kama namba yangu inatoka kwa wale watatu," alisema, "mimi nasimama pale asubuhi nifanye nini?"

Sijawahi kusikia swali la somo langu likiulizwa vizuri hivyo. Chuoni nililiandika kwa alama za Kigiriki, ukurasa mzima. Na jibu lake nililijua: hufanyi kitu, mama, nimekuweka mahali ambapo huwezi kusema lolote lisilokwisha kusemwa. Nilimwambia ni utaratibu tu wa kiofisi.

Alinisindikiza mpaka njiani. Akasema yeye angeandika alichokiona, maana ndivyo alivyoelekezwa siku ya kwanza, lakini kama mimi niliyesoma nasema hivi, ataandika hivi, labda wenzake wataacha kumkasirikia. Akanishukuru kwa kutembea umbali wote ule. Alisema tangu Jumanne mimi ndiye mtu wa kwanza wa ofisi kufika kwake.

Leo asubuhi nilikuwa ofisini kabla ya saa mbili. Anga la mashariki lilikuwa wazi, kilima kinaonekana chote mpaka majani ya juu. Saa tatu simu ikaanza kulia. Kaskazini kumi na mbili. Kusini tisa. Magharibi kumi na nne.

Mashariki kimya.

Nilikaa nikiitazama simu. Niliomba, na sijui niseme niliomba nini, maana nusu yangu ilikuwa inaomba atume sifuri. Ndiyo, sifuri, kama anga lilivyokuwa. Angetuma sifuri angekuwa ameniacha mimi peke yangu na dhambi yangu, nami labda ningepata aibu ya kutosha kusema. Dakika kumi zikapita. Kisha ikaingia.

Mashariki saba.

Niliingiza. Safu ya pengo ikageuka nyeupe yenyewe. Sifuri kamili, hakuna hata desimali. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akiingia. Aliitazama muda, akanigusa bega kwa vidole viwili.

"Umeona? Wakikaripiwa wanasema kweli."

Akaniambia nichape karatasi ya leo na ile ya Jumanne, niziweke pamoja kwa ajili ya bodi, ya zamani chini, ya leo juu. Wakiuliza, wataona mtu aliyekamatwa akidanganya, na siku mbili baadaye amejirekebisha. Nilichapa. Orodha ya mbegu ina vitongoji vitatu, na mwisho wa ukurasa kuna mstari wa anayethibitisha hesabu. Niliweka sahihi yangu. Ni sahihi nzuri, niliifanyia mazoezi nikiwa kidato cha nne.

Mpaka saa saba mchana nilikuwa bado najiambia kwamba kesho nitasema. Bodi itakuwa na watu watano, wawili kati yao wametoka nje ya kata, hawamwogopi mtu. Ningesimama niseme vipimo vinne viko kwenye duara moja, ramani haiwezi kuvisikia vyote, sogezeni kimoja ndani kidogo mtaona. Ningewaomba watembee mpaka nyuma ya kilima. Wakati nakula chakula cha mchana niliifanyia mazoezi, kwa sauti ndogo, mlango umefungwa.

Ndipo nikaona nilichokifanya.

Nikisema ramani ndiyo yenye kosa, wataomba daftari la Mama Yasinta, kwa sababu ndilo ushahidi pekee uliobaki. Watalifungua. Kurasa zote safi, kalamu ya bluu, na katika mstari wa mwisho kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe, milimita saba siku ambayo hakukuwa na wingu. Watamuuliza kama mvua ilinyesha. Hajui kudanganya kwa mdomo, nimekwisha kumwona. Atasema hapana. Na Meneja hatahitaji hesabu yangu tena.

Nikitaka kumwokoa na hilo, lazima niseme nani alimwelekeza. Si kwamba nilikosea kwenye hesabu. Kosa la hesabu watu husamehe, hata baba angesamehe, angecheka tu. Lazima niseme kwamba nilijua tangu Jumatatu, nikaenda kwake kwa miguu, nikala chakula chake, nikamfundisha.

Nimeorodhesha njia zote. Ndivyo nilivyofunzwa, kupima mahali pabaya kwanza. Nimepima, na mahali pabaya pameenea chumba kizima isipokuwa nukta moja, nayo ndiyo niliyoandika hapo juu. Hakuna nyingine iliyofichika. Nimezunguka mara mbili.

Bodi inakaa saa nne asubuhi. Saa tatu, kabla yake, Mama Yasinta atasimama uwanjani kwake mbele ya kipimo kikavu, simu mkononi, akisubiri wenzake watatu watume ili ajue yeye ameona nini. Hatabadilisha mpaka mimi nimwambie, kwa sababu aliniamini.

Namba yake ninayo. Ni saa moja kasoro sasa, bado hajalala. Je, nitampigia, au nitaandika aya nyingine?